Kupima matamshi ya mtoto mwenye mpasuko wa kaakaa: kila lugha na kipimo chake

Ndugu zangu, tuanze na kipimo mlichofundishwa wengi: mtoto anayesema Kiingereza huambiwa ahesabu kuanzia 60 hadi 70. "Sixty" imejaa s, k na t, sauti zinazohitaji pumzi ijikusanye kinywani, jambo lisilowezekana mpaka kaakaa laini, yaani sehemu laini ya nyuma ya paa la kinywa, liinuke na kuziba njia ya puani. Sasa mhesabishe mtoto wetu: "sitini na moja, sitini na mbili." Hapo n na m zimetapakaa. Pua inafunguka kihalali kila mara, na pumzi ikisikika puani hujui kama ni kasoro. Mpe "sita, sita, sita", umwekee kioo baridi chini ya pua. Kikipata ukungu anapotamka, pumzi inavuja. Akiwa na mafua, mrudishe siku nyingine.

Tafsiri basi haitufai. Tutunge sentensi zisizo na n wala m, kila moja ikilenga sauti moja: "Kaka akate keki", "Papa apate pipa", "Asha ashushe shoka". Pawepo na "pipi" na "kuku" pia, kwa sababu i na u hufichua king'ong'o haraka kuliko a. Kutambua pua iliyoziba kuna sentensi yake, iliyojaa sauti za puani: "Mama Amina ana nyanya."

Msitegemee "baba" na "dada". Wasemaji wengi wa Kiswahili huvuta hewa ndani kidogo wanapotamka b na d hizo, kwa hiyo mgandamizo wa pumzi kinywani ni mdogo. Mtoto huweza kuzimudu huku p na t zikimshinda, nanyi mkaandika kuwa kaakaa linafunga vizuri.

Ulizeni pia lugha ya nyumbani. Mtoto wa Kijaluo akisema "samba" badala ya "shamba", hiyo si kasoro ya kaakaa. Kijaluo hakina sh. Lakini akiikata k kooni, "kaka" ikabaki "a'a", hiyo ni kasoro, tena ya kujifunza: upasuaji peke yake hauiondoi, inahitaji mazoezi ya matamshi. Kwa mtoto wa Kiarabu tahadhari ni kubwa zaidi, maana ain, ha ya kooni na hamza ni sauti halali za lugha yake. Asiyeijua ataandika kasoro tatu pasipo na hata moja.

Kwa hiyo rekodini sauti kwenye chumba kimya, wasikilize watu wawili, mmoja awe mzawa wa lugha hiyo, na kila mmoja aandike alama zake kabla ya kuona za mwenzake.