Sapatu ya Sufu Hufia Wapi?

Ndugu zangu, sapatu hii ninayoipitisha kwenu ni kuukuu, lakini nimeifua, kwa hiyo msiishike kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Tieni mkono ndani. Juu bado ni nzima, imepauka tu. Sasa ipindueni. Kuna matundu mawili: moja chini ya kisigino, jingine pale kidole gumba kinapokanyagia. Nimefuma sapatu nyingi, na karibu zote zilizokufa zilifia hapo hapo. Leo sitafundisha kufuma tangu mwanzo, maana naona wengi mmekuja na sindano zenu. Nataka tuyazungumzie hayo matundu mawili.

Mtu akitaka sapatu imara hukimbilia uzi mnene. Uzi mnene uliofumwa kilegevu huisha mapema kuliko mwembamba uliobanwa. Vitanzi vikilegea hupata nafasi ya kucheza, na vikicheza husuguana kila unapopiga hatua. Sufu hailiwi na sakafu peke yake, hujila yenyewe. Kuna uzi wa unene wa kati, ule ambao lebo yake hupendekeza sindano za milimita 5. Kwa sweta, sawa. Kwa sapatu mimi hushika nyuzi mbili za namna hiyo pamoja, na sindano ni zile zile za milimita 5, au 5.5 vidole vikigoma. Vitagoma. Ukikiinua ulichofuma mbele ya taa, usione mwanga ukipenya.

Aina ya sufu nayo ina neno. Merino ni laini, inabembeleza shavu, na ndiyo maana kila mtu huichagua. Kwenye unyayo haidumu. Sufu yenye nyuzinyuzi nene kidogo, iliyosokotwa kwa nyuzi tatu na kukazwa, huwasha shingoni lakini nyayo hazina malalamiko. Unaweza pia kugawa: ngumu chini, laini juu. Kuhusu joto na jasho msiwe na wasiwasi, kwani sufu hunywa unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla ya mguu kuhisi umelowa.

Sasa kisigino. Upande wa mbele, fuma kitanzi kimoja, kinachofuata kihamishe tu kwenda sindano ya pili bila kukifuma, uzi ukipita nyuma yake. Endelea hivyo hadi mwisho wa mstari. Ukigeuza, fuma vyote. Kila kitanzi ulichokihamisha kimeacha uzi umelala mgongoni mwake, kwa hiyo kisigino kimepata tabaka la pili bila wewe kuongeza chochote. Pitisheni kidole ndani ya hiyo sapatu, nyuma kabisa, mtasikia vijimistari vinavyopanda. Hapo ndipo penye hilo tabaka. Kosa langu lilikuwa kuishia pale kisigino kinapopindia kwenda chini ya mguu. Mistari sita zaidi na lile tundu lisingekuwapo.

Kuna wanaofuma na kuacha hivyo hivyo, na kuna wanaogandamiza kwa maji moto. Mimi ni wa kundi la pili. Unyuzi wa sufu umevikwa magamba madogo mfano wa samaki. Maji moto na sabuni huyafungua, ukisugua hunasana, na yakishanasana hayaachani. Faida yake ni kubwa kuliko unene tu: kitanzi kimoja kikikatika, jirani zake hawafumuki. Wazee wa Misri waliupata usalama huo kwa njia nyingine. Soksi nyekundu za sufu zilizofukuliwa Oxyrhynchus, za kati ya karne ya 3 na ya 5, zilitengenezwa kwa sindano moja, uzi ukipitishwa mzima ndani ya kila kitanzi. Zina hata nafasi ya kidole gumba, zivaliwe na kandambili. Ziko London sasa, katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert.

Ila kugandamiza kunataka hesabu. Sapatu husinyaa, na urefu husinyaa zaidi ya upana. Fuma kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 10, kioshe na kukisugua vile vile, kisha kipime. Usiulize mtu, kiulize kipande. Lengo ni sapatu fupi kuliko mguu kwa sentimita 1 au 2, kwa sababu sufu itanyooka ikivaliwa.

Mimi kuna mara niliruka hatua hiyo. Uzi ulikuwa mzuri, rangi ya mchanga, na lebo ikisema unaoshwa kwa mashine. Nilisugua mpaka vidole vikakunjamana. Sapatu zikatoka kubwa kuliko zilivyoingia, mitumbwi miwili. Uzi wa kuoshwa kwa mashine magamba yake yameondolewa au yamefunikwa makusudi, hauna cha kunasa.

Unyayo uliogandamizwa huteleza kwenye sakafu laini, kwa hiyo shonea kipande cha ngozi, upande wa mkwaruzo ukitazama chini. Toboa kwa msharasi kabla ya kushona, tundu kila nusu sentimita. Ukilazimisha sindano utaivunja, na utatukana.

Naona sapatu imefika nyuma. Kwenye meza kuna vipande vya uzi vya aina nne, havina lebo. Kila mmoja achukue viwili vya rangi moja, afumue ncha, azilalishe moja juu ya nyingine kiganjani, azitemee mate kidogo, ndiyo, mate, kisha azisugue kwa nguvu mpaka kiganja kipate moto. Vuteni. Vikishikana, huo ni uzi wa kugandamiza. Mama wa pale mbele, vyako vimeachana? Ndio ule wangu wa mitumbwi, bado ninao gunia zima.