Mwiba Unaopiga Mluzi

MWANAHAWA: Hamjambo wasikilizaji. Leo mwenzangu kaweka kitu hapa mezani, nami kiti nimekisogeza nyuma.

SAITOTI: Dada Hawa, ni mwiba tu, tena mkavu. Sisimizi walishahama.

MWANAHAWA: Mbona umevimba hivi? Kama kokwa jeusi lililochomwa sindano mbili. Na hiki kitundu?

SAITOTI: Huo ndio mlango. Ni aina ya mgunga. Sisi Wamaasai tunauita eluai. Kule Laikipia, Kenya, kwenye udongo mweusi, ule unaonasa gari mvua ikinyesha, miti ya mbugani karibu yote ni hiyo. Mwiba huvimba ungali mchanga, sisimizi wanautoboa na kuhamia ndani. Upepo ukipita vitunduni, kichaka kizima kinapiga mluzi.

MWANAHAWA: (anapuliza) Haulii.

SAITOTI: Mwiba mmoja uimbe kwaya?

MWANAHAWA: Haya. Na maua je?

SAITOTI: Meupe, kama vifundo vya pamba, yananukia vizuri. Ila kuna sisimizi wa aina moja wanaotafuna machipukizi, basi mti wao hautoi maua wala mbegu.

MWANAHAWA: Lo! Mpangaji anamzuia mwenye nyumba asizae! Na kodi analipa?

SAITOTI: Kodi ni ulinzi. Mti unawapa nyumba na utomvu mtamu kwenye majani. Tembo akigusa tawi, wanamwagika nje. Tembo na ukubwa wake wote, ndani ya mkonga ni laini. Mimi mwenyewe utotoni nilishika tawi nikimfuata mwanambuzi. Walinipanda hadi shingoni, shuka nikaivulia mbele za watu.

MWANAHAWA: (anacheka) Pole, kaka. Sasa, wanyama wakizuiwa wasiule, si utastawi?

SAITOTI: Ndivyo ungedhani. Laikipia watafiti walizungushia vipande vya mbuga uzio tangu 1995. Baada ya miaka kumi hivi, miti ya ndani ilikuwa imepunguza utomvu na nyumba. Sisimizi walinzi wazuri wakadhoofika, wakaingia sisimizi wengine wanaokaa kwenye matundu ya wadudu watoboa mti. Miti ikakua polepole na kufa zaidi.

MWANAHAWA: Umemnyima askari posho, mwizi kaingia.

SAITOTI: Na sasa amekuja mwizi kweli: sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, walioenezwa duniani na mizigo yetu. Wanawaua wenyeji, wanakula hadi mayai yao, halafu mti hawaulindi. Tembo wanauvunja mara tano hadi saba zaidi ya kule wageni hawajafika.

MWANAHAWA: Hapo ndipo anapoingia yule simba uliyenitajia kabla ya kipindi?

SAITOTI: Simba huvizia. Vichaka vikiisha, pundamilia anamwona toka mbali. Mkenya Douglas Kamaru na wenzake walichapisha utafiti wao wa hifadhi ya Ol Pejeta, hukohuko Laikipia, mwaka 2024: mwaka 2003, pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba, 2020 wakawa 42.

MWANAHAWA: Basi simba wanakufa njaa.

SAITOTI: Wala, hawajapungua. Wamegeukia nyati: toka sifuri hadi asilimia 42.

MWANAHAWA: Nyati! Huyo si mlo, ni vita.

SAITOTI: Ndiyo, anaweza kumuua simba. Ndiyo maana wanamwendea kwa makundi.

MWANAHAWA: Yote kwa sababu ya kidudu usichokiona ukisimama. Haya, ondoa mwiba wako, nisome ujumbe wa wasikilizaji.