Tangawizi kwa kichefuchefu: ipime kwanza

Karibuni. Leo tunaandaa tangawizi ya kutuliza kichefuchefu, na tutaipima, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea. Mtu anatumbukiza kijipande kwenye maji ya moto, anakunywa, kisha anasema haisaidii kitu.

Tuanze na unga, maana ndio uliotumika katika tafiti nyingi. Kwa wajawazito, kipimo kilichojaribiwa sana ni gramu 1 kwa siku, ikigawanywa mara nne. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina karibu gramu 2, kwa hiyo nusu kijiko ndiyo dozi ya siku nzima. Tazama hapa kwenye sahani: tumemimina nusu kijiko, tumekisambaza kwa kisu, tumekigawa mafungu manne. Kila fungu ni dogo kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kisu. Usidanganyike ukaongeza, ukizidisha, utakachopata ni kiungulia. Koroga fungu moja kwenye kijiko cha asali, meza, teremsha kwa maji. Usirushe unga mkavu mdomoni, utakupalia.

Kwa safari, majaribio yalitumia takriban gramu 1 kwa mkupuo mmoja, kabla chombo hakijaondoka. Nusu saa kabla inatosha. Ukisubiri tumbo lianze kuvuruga, umechelewa.

Sasa tangawizi mbichi. Karibu asilimia 80 yake ni maji, hivyo gramu 1 ya unga ni sawa na gramu 5 hivi za mbichi. Kama huna mizani, kata kipande cha urefu wa sentimita 1 kwenye tangawizi yenye upana wa sentimita 2 na nusu. Paruza ganda kwa ukingo wa kijiko; kisu huondoka na nyama. Ikwaruze kukata nyuzi, siyo kufuata nyuzi, la sivyo utabaki na manyoya ya nyuzi na majimaji kidogo. Mimina mililita 250 za maji yanayochemka, funika, acha dakika 10. Kifuniko ni lazima, maana mafuta yenye harufu hupotea na mvuke. Na usimwage machicha: jinjeroli, kiini kinachowasha ulimi, haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo sehemu yake nzuri imebaki humo. Kunywa nayo ukiweza. Ndiyo maana chai hatuiamini kama unga: huwezi kujua umepata kiasi gani.

Jinjeroli na mwenzake shogaoli, anayeongezeka tangawizi inapokaushwa, huzuia vipokezi vya serotonini (kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe) vinavyochochea kutapika. Ondansetroni, dawa ya hospitali ya kuzuia kutapika, hulenga vipokezi hivyohivyo, ila kwa nguvu zaidi.

Ushahidi ukoje? Kwa wajawazito ni mzuri kiasi: kichefuchefu hupungua, kutapika kwenyewe hupungua kidogo tu. Kwa wagonjwa wa saratani, utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2012, wenye wagonjwa 576, ulionyesha nafuu bora kwa nusu gramu na gramu 1 kwa siku, siyo kwa gramu 1 na nusu. Walianza siku 3 kabla ya tiba ya kemikali ya saratani, na wote walipewa pia dawa za kawaida za kuzuia kutapika. Tafiti nyingine za saratani zimetoa majibu yanayopingana, kwa hiyo usiache dawa ya hospitali.

Kwa ushahidi, mnanaa uko nyuma sana. Tone moja la mafuta yake kwenye pamba, unavuta pumzi polepole mara tatu. Huenda pumzi hizo ndizo zinazosaidia zaidi. Usiusogeze puani mwa mtoto mchanga, mentoli, kiini chake chenye ubaridi, inaweza kumbana pumzi. Chai yake huongeza kiungulia kwa wenye tatizo hilo. Harufu ya limau ina majaribio machache madogo kwa wajawazito. Haina gharama, jaribu.

Anayetumia warfarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, mwenye mawe ya nyongo, au anayesubiri upasuaji, amuulize daktari kwanza kabla ya kugusa unga huu. Na ukitapika damu, ukiumwa kichwa au tumbo vikali, ukishindwa kubakiza hata maji siku nzima, au ukipitisha muda wa masaa 8 bila mkojo, weka kikombe chini uende hospitali. Mwili uliokaukiwa unaweza kuhitaji maji ya mshipani.