Kasoro ya Mchoro Ni ya Nani?

ZAITUNI: Wasikilizaji wetu, asalaam aleikum. Leo tuliwaahidi mafunzo matatu kutokana na mkataba wa Constellation, manowari za jeshi la wanamaji la Marekani, lakini juzi niliitwa ufukweni hapa Bagamoyo kusuluhisha jambo ambalo bado linanikera. Mjomba wangu aliagiza mashua ya mashine ya nguvu za farasi 15, kisha mataruma, yaani mbavu za mashua, yalipokwisha kusimama na tezi, yaani sehemu ya nyuma, kukatwa, akaleta mashine ya 40. Fundi aliipachika, akapima kutoka ukingo wa tezi hadi pale maji yatakapofika kwa uzito wake, na nafasi haikutimia hata shubiri moja. Sasa anadai malipo ya kuivunja tezi na kuiinua upya, na mjomba hataki kusikia.

SALEHE: Nawe, kwa ninavyokujua, ulimpa fundi haki.

ZAITUNI: Nilimpa, kwa kuwa aliyebadili agizo ni mwenye mashua. Mahakama ya Juu ya Marekani iliufuata msimamo wa namna hiyo mwaka 1918 katika shauri la Spearin.

SALEHE: Wasikilizaji wetu wa siku nyingi wameshajua kwamba tunaingia kwenye mfereji wa Brooklyn, na Dada Zaituni akiingia humo hatoki upesi.

ZAITUNI: Mfereji huo una mengi ya kufundisha, Kaka Salehe. Spearin, mkandarasi, alipewa kazi ya kujenga chelezo, yaani gudi kavu la kutengenezea meli, katika karakana ya jeshi la wanamaji la Marekani huko Brooklyn, na michoro ya serikali ilimtaka kwanza auhamishe mfereji wa majitaka wa futi 6. Aliuhamisha kama ulivyochorwa. Baadaye mvua kubwa ilikutana na maji kujaa, mfereji ukapasuka na shimo la chelezo likafurika, kwa sababu ndani ya mfereji wa jirani, wa futi 7, uliounganishwa nao, mlikuwa na kizuizi ambacho michoro haikukionyesha. Serikali ilimtaka abebe gharama. Alipokataa kuendelea, ikauvunja mkataba. Mahakama ilisema kwamba mkandarasi aliyejenga kwa kufuata michoro ya mwajiri hawajibiki kwa kasoro za michoro hiyo.

SALEHE: Lakini mkataba uleule ulimwagiza kukagua eneo na kuihakiki michoro.

ZAITUNI: Mahakama iliyatazama masharti hayo, ikaona hayatoshi kumtwisha mzigo wa mwajiri.

SALEHE: Kwa kasoro iliyofichika ninakubali. Fundi wa mjomba wako aliiona mashine ikishushwa, akaujua uzito wake, akanyamaza mpaka alipokwisha kuipachika. Mjuzi anayeiona hatari asiseme ana sehemu yake katika hasara.

ZAITUNI: Angesema, kazi ingepelekwa kwa fundi mwingine. Tazama hizo Constellation: mkataba wa 2020 uliegemea muundo wa FREMM, manowari za Ulaya, na ilitarajiwa karibu asilimia 85 yake ibaki vilevile. Jeshi likabadilisha hili na lile hadi ikabaki chini ya asilimia 15. Ujenzi ulianza 2022 kabla michoro haijakamilika, uzito ukazidi, meli ya kwanza ikachelewa kwa miaka mitatu, na Novemba 2025 ikatangazwa kwamba zitabaki mbili tu zilizokwisha kuanzwa. Mwenye kazi ndiye aliyeyataka mabadiliko.

SALEHE: Karakana nayo ilikata chuma ikijua kwamba michoro haijatimia. Hakuna aliyeilazimisha. Umasikini wa fundi wa ufukweni naufahamu na unanihuzunisha, lakini kampuni ya meli za kivita haina udhuru huo.

ZAITUNI: Mwenye fedha ndiye mwenye neno la mwisho, kwa hiyo hasara nayo iwe yake.

SALEHE: Hapo hatutakubaliana.

ZAITUNI: Naona muda umekwisha, na mafunzo yetu hatujayagusa. Nilitamani walau tueleze jinsi hati ya mabadiliko inavyopaswa kuandikwa kabla kazi haijaendelea.

SALEHE: Tutaeleza wiki ijayo, ila hati hiyo iwe na saini ya fundi kwamba alionya.

ZAITUNI: Iwe na bei kwanza. Kwaherini.