Plasta ya homoni: namna ya kuibandika ishike na ifanye kazi

Karibuni. Video hii ni ya mwanamke ambaye daktari ameshamwandikia plasta ya estradioli (aina ya homoni ya kike iitwayo estrojeni) kwa dalili za ukomo wa hedhi: joto linalopanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, jasho la usiku, usingizi wa kukatikakatika. Kama hujaandikiwa, tafadhali usiazime ya jirani. Saratani ya matiti, damu ya ukeni isiyojulikana chanzo, damu iliyowahi kuganda mshipani na ugonjwa wa ini ni mambo ambayo daktari lazima ayajue kwanza.

Kidonge ukimeza hupita kwenye ini kabla ya kuenea mwilini, na ini huongeza vitu vinavyogandisha damu. Plasta huipitisha homoni kwenye ngozi hadi kwenye damu moja kwa moja. Ndiyo maana kwa dozi za kawaida haiongezi hatari ya damu kuganda kama kidonge kinavyofanya.

Tusome boksi. Namba 25, 50, 75 au 100 ni maikrogramu zinazoingia mwilini kwa saa 24. Kisha angalia siku: zipo za kubadilisha mara mbili kwa wiki na zipo za mara moja. Kwa macho zinafanana, na anayezichanganya hujikuta siku tatu nzima hana dawa, joto limerudi, akidhani plasta haimfai.

Sasa ngozi, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Tumezoea kutoka bafuni na kujipaka mafuta mwili mzima. Gundi haishiki juu ya mafuta, losheni wala poda. Oga, jifute, halafu subiri jasho likatike. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, kaa mbele ya feni kwanza.

Mahali ni chini ya kiuno: juu ya tako, kwenye nyonga, au tumboni chini ya kitovu. Kamwe si kwenye titi. Kwepa pia mstari wa mpira wa sketi na pale unapofunga khanga, kwa sababu nguo itaisugua mpaka ibanduke.

Chana pakiti kwa mkono. Mkasi unaweza kuikata plasta yenyewe. Bandua nusu ya karatasi ya nyuma, bandika, kisha vuta nusu iliyobaki bila kugusa gundi. Weka kiganja juu yake, ukandamize kwa sekunde 10 kamili. Joto la mkono ndilo linaloamsha gundi. Maliza kwa kupitisha kidole ukingoni pote.

Kama ni ya mara mbili kwa wiki, chagua siku, tuseme Jumatatu na Alhamisi, uziandike kwenye kalenda. Mpya iwe mahali pengine, na pale pa zamani pasirudiwe kabla ya wiki moja, la sivyo ngozi itawasha. Iliyotumika bado ina homoni: ikunje gundi kwa gundi, uitupe mbali na watoto, si chooni.

Ikibanduka, bandika mpya kwenye ngozi kavu, lakini siku ya kubadilisha ibaki ileile. Kuoga hakuna shida. Chupa ya maji ya moto juu yake ndiyo usiweke, maana joto huharakisha homoni kuingia.

Ngozi ikikataa gundi kabisa, muulize daktari kuhusu jeli ya estradioli. Ile ya pampu ya asilimia 0.06 hutoa miligramu 0.75 kwa kila mbonyezo. Wengi huanza na mibonyezo miwili kwa siku. Paka mkononi upande wa nje mpaka begani, au paja la ndani. Iache ikauke dakika 5, mbali na jiko kwa kuwa ina alkoholi. Nawa mikono, na usioge kwa saa moja. Bibi anayelaza mjukuu begani apake pajani, ili jeli isimguse mtoto.

La mwisho ndilo zito. Mwenye kizazi hatumii estrojeni peke yake. Utando wa ndani ya kizazi hunenepa, na baada ya muda unaweza kugeuka saratani. Ni lazima atumie pia projesteroni, homoni inayoulinda utando huo: mara nyingi miligramu 100 kila usiku, au 200 kwa usiku 12 wa kila mwezi, wakati wa kulala kwa sababu huleta usingizi. Ikiisha projesteroni dukani, usiendelee na plasta peke yake miezi na miezi; mpigie daktari.

Matiti kuuma na matone ya damu huonekana miezi ya mwanzo. Rudi kliniki baada ya miezi 3. Damu ikiendelea kupita miezi 6, au ikirudi baada ya kukatika, usisubiri tarehe ya kliniki.

Na plasta hii haizuii mimba. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 50, endelea na uzazi wa mpango kwa miaka 2; baada ya 50, mwaka 1.