Foleni imehamia steshenari

NEEMA: Haya tumerudi, tuko Moshi mjini hapa hapa. Kaka Mangi, watu wameandika sana kuhusu leseni za biashara, kwamba siku hizi huendi halmashauri kupanga foleni, unaingia tu Tausi, ule mfumo wa halmashauri wa mtandaoni, unaomba.

MANGI: Anaingia nani dada? Mama ana kibanda cha viatu pale Mbuyuni, simu yake kitochi, unamwambia ajisajili mtandaoni. Anaenda steshenari, dogo anamfungulia akaunti, pasiwedi anatunga dogo mwenyewe na anaiandika kwenye daftari la kaunta, lile lile la hesabu za fotokopi.

NEEMA: Hahaha lile lenye kava limechanika! Ila tusisahau tulikotoka bana. Enzi za risiti za kitabu karani anakuandikia yako elfu ishirini, nakala inayobaki elfu mbili, nani atajua? Tangu GePG, ule mfumo wa malipo ya serikali, ianze 2017 unapewa kontrol namba, ile namba ya malipo inayoanza na 99, unalipa kwa simu au benki, bili inajifunga yenyewe, hela haipiti mkononi kwa mtu.

MANGI: Hapo sibishi kabisa, kontrol namba imesaidia kuliko semina zote za maadili. Ninachosema mi, yule mtu wa katikati hajaondoka, amehama tu kutoka dirishani kwenda steshenari, na huyu wa sasa hana bosi wala kitambulisho shingoni, anatoza anavyojisikia, alafu ana namba za NIDA, za vitambulisho vya taifa, za nusu ya mtaa.

NEEMA: Na namba ya NIDA ile tarakimu ishirini, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa.

MANGI: Wamama wanaopunguza miaka wameisha hapo! Lakini siriaz, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, sasa nani anaenda kukagua daftari la dogo?

NEEMA: Kuna mfumo mmoja haumuhitaji dogo. Kodi ya majengo. Toka 2021 inakatwa kwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, we unanunua umeme basi, nyumba ya kawaida ilianza buku kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500.

MANGI: Ndo nilikuwa naisubiri hiyo! Anayenunua umeme nani? Mpangaji! Kodi ni ya mwenye nyumba, tokeni naweka mimi. Wanasema mkatane kwenye kodi ya pango, haya we nenda kamwambie mzee wa Kichaga mwenye nyumba yake Pasua kwamba mwezi huu unapunguza 1,500, uone kama hujahama.

NEEMA: Kwa hiyo ule rahisi kuliko yote ndo umekosea mlipaji.

MANGI: Eeh, kwa sababu mita inajua nyumba, haijui nani anaishi humo. Kwa haya mengine mi naomba kitu kidogo tu, kila ofisi ya kata iwe na kompyuta na kijana anayelipwa mshahara, akujazie bure mbele yako, pasiwedi uandike mwenyewe.

NEEMA: Na ukifika ukaambiwa mtandao unasumbua, njoo kesho?

MANGI: Aah dada, hiyo ya "mtandao unasumbua" tuifanyie kipindi chake. Tuma voisi noti, ila usitaje jina la ofisi.