Kete Kaburini, Fedha Mizanini

BARAKA: Karibuni tena. Mimi ni Baraka, niko na dada Mwanaidi, na leo kaja na kitu mfukoni.

MWANAIDI: Kete, kaka. Niliiokota Pangani siku ya bamvua, maji yalipokupwa. Ishike.

BARAKA: Nyepesi. Na huku chini ina meno.

MWANAIDI: Itoboe mgongoni, itunge kwenye uzi pamoja na shanga za kioo, halafu mvishe mwanamke wa nchi ya misonobari na theluji. Kete kama hizi zimefukuliwa katika makaburi ya zama za kati huko Latvia, kaskazini mwa Ulaya, kando ya Bahari ya Baltiki. Konokono wake haishi Bahari ya Baltiki, maji yale ni baridi na chumvi yake haba. Yeye ni wa bahari ya joto: Maldivi, pwani yetu hii, na kuendelea mashariki.

BARAKA: Basi kuna Mbalti aliyefika Bahari ya Hindi?

MWANAIDI: Hapo ndipo tunapokimbilia wengi, nami nilikuwa mmoja wao. Kete ilisafiri, aliyeivaa hakusafiri. Ilipita mkono hadi mkono, na kila mkono uliujua ule uliofuata tu.

BARAKA: Tuwaambie wasikilizaji, Wabalti ni kina nani?

MWANAIDI: Waprusi wa kale, Wakurshi, Wasemigali, Walatgali, na wazee wa Walithuania wa leo. Na hao Waprusi si Wajerumani. Lugha yao ilikuwa jamaa ya Kilithuania, nayo imekufa. Katika nchi yao kulikuwa na mji wa biashara, Truso, karibu na Elbląg ya leo, Polandi. Mwishoni mwa karne ya 9 baharia Wulfstan alieleza safari yake ya kwenda huko kutoka Hedeby, mji wa biashara wa Wadenmarki wakati ule: siku 7, usiku na mchana, chini ya tanga. Mji wenyewe ukapotea kabisa, ukaja kugunduliwa mwaka 1982.

BARAKA: Wakakuta nini?

MWANAIDI: Dirhamu. Fedha ya Waislamu, imeandikwa kwa Kiarabu, na nyingi zimekatwakatwa.

BARAKA: Zimekatwa? Kwa nini mtu aharibu pesa?

MWANAIDI: Sisi Waswahili tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine, maana neno letu ni moja: fedha ni madini, na fedha ni pesa. Dirhamu nzima ina kama gramu 3. Ukidaiwa gramu 1, unakata kipande na kukipima. Jina la khalifa na mwaka wa Hijria vilivyoandikwa pale havikuwahusu. Lakini sisi vinatusaidia, kwa sababu sarafu nzima inataja ilipopigwa: Baghdad, au baadaye Samarkand na Shash, ambayo ndiyo Tashkent.

BARAKA: Na hizo nazo zilipita mkono kwa mkono.

MWANAIDI: Ndiyo. Kwa hiyo mimi ukiniuliza ushahidi mkubwa wa mawasiliano ni upi, sitakutajia kete wala dirhamu. Nitakutajia mizani. Kuna makaburi ya huko ambamo mtu amezikwa na mizani ndogo ya kukunjwa, pamoja na mawe yake. Hebu liangalie jiwe moja: chuma cha mviringo, juu na chini kimesawazishwa, halafu kimevikwa shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Ukikikwangua kumpunja mwenzako, ganda la shaba linakusuta. Mawe ya namna hiyo yalitumika Uswidi, kwa Wabalti na hadi Urusi. Kete unaweza kuipata bila kujua ilikotoka. Lakini kipimo ni lazima mkae pamoja, mkubaliane, mwaminiane.

BARAKA: Hilo limeniingia. Mtu wa Truso na mtu wa Uswidi, jiwe lao moja.

MWANAIDI: Na tusisahau mapambo yao, pini na bangili za shaba nyeusi, mazito kwelikweli. Mtindo ni wao wenyewe, lakini nchi yao haina madini ya shaba wala bati. Ina maana hata pambo la kienyeji kabisa limetengenezwa kwa madini ya mbali.

BARAKA: Wao walitoa nini?

MWANAIDI: Kaharabu, ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka kama jiwe, maana ile pwani ndiyo kwao kaharabu. Nta, asali, ngozi za manyoya. Na watu.

BARAKA: Watumwa.

MWANAIDI: Watumwa. Mwaka 922 Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad, aliwaona kando ya mto Volga wafanyabiashara walioitwa Rus, wana manyoya na wasichana wa kuuza, wanaomba dua wapate mnunuzi mwenye dinari na dirhamu nyingi. Fedha iliyoingia kaskazini tunaichimba hadi leo. Manyoya yameoza. Wale wasichana waliopelekwa kusini, sisi watu wa pwani tunajua jinsi watu wa namna hiyo wanavyopotea: hakuna kaburi linalosema huyu alitoka Baltiki.

BARAKA: Shika kete yako, dada.